HARUN AL-RASHID SI MFALME WA ABUNUWASI, WALA SI MALAIKA



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, wazazi na wanafunzi, katika sherehe moja ya kufunga mwaka wa madrasa watoto walituchezea mchezo. Kijana mmoja alivikwa joho na kilemba kikubwa, akakalishwa kwenye kiti kirefu, akapewa kikombe mkononi, akawa anayumba huku akipiga kelele: "Yuko wapi Abunuwasi?" Ukumbi mzima ulicheka, na sisi walimu tulicheka pamoja nao. Mchezo ulipokwisha tukawauliza watoto: huyu mfalme ni nani? Wakajibu kwa sauti moja: "Harun Rashid!" Tukauliza tena: na Harun Rashid ni nani? Kimya. Mwishowe mmoja akasema kwamba ni mfalme wa hadithi tu, kama Sungura na Fisi.

Hapo kicheko chetu kilikatika. Mtoto anayesoma madrasa yetu, anayehifadhi juzuu, anayejua nguzo za swala na sunna za udhu, anadhani kwamba Khalifa wa Waislamu aliyetawala miaka 23 ni mwenzake Sungura.

Haukupita muda tukahudhuria muhadhara. Mhadhiri, Allah amjaze kheri, alimtaja Harun huyo huyo. Kwake yeye Harun alikuwa hana doa: kila siku kusali, kila mwaka kupigana jihadi au kuhiji, hazina imejaa, maadui wanatetemeka. Akamalizia kwa kusema kwamba shida zetu zote zingekwisha kama tungempata Harun mwingine. Watu wakatoa takbiri.

Sisi tunasema wazi kwamba wote wawili wamekosea, mchezo na muhadhara. Wa kwanza umemgeuza Khalifa kuwa kichekesho, wa pili umemgeuza kuwa malaika. Na hasara ni moja, kwa sababu katika hali zote mbili mtoto wetu hajifunzi kitu. Kichekesho hakifunzi, na malaika haigiki.

HARUN WA HEKAYA

Tuanze na hekaya, maana ndizo zilizotufikia mwanzo. Kuanzia pwani ya Waswahili mpaka huku kwetu Ziwa Tanganyika, Ujiji na Buyenzi, hakuna mtoto asiyemjua Abunuwasi. Bibi zetu walitusimulia habari ya sufuria iliyozaa na kisha ikafa, na nyingine nyingi. Hatusemi zifutwe. Ni hekaya za kuchekesha na ndani yake mna akili. Ila tujue kwamba visa hivyo hivyo katika nchi nyingine husimuliwa kwa jina la Juha au Nasreddin. Hekaya husafiri, na kila inapofika huazima jina.

Abu Nuwas wa kweli alikuwa mtu mwingine kabisa. Jina lake ni al-Hasan bin Hani, mzaliwa wa Ahwaz, mshairi hodari wa Kiarabu aliyejulikana kwa mashairi ya ulevi na kwa kufungwa jela. Mfalme aliyekuwa naye karibu zaidi hakuwa Harun, alikuwa al-Amin, mwana wa Harun. Na Harun mwenyewe, ambaye hekaya zinamzungusha usiku katika vichochoro vya Baghdad akiwa amejigeuza, kuanzia mwaka 180 Hijria (796) aliihama Baghdad akaweka makao yake Raqqa, kando ya mto Furati, katika nchi ya Syria ya leo. Sehemu kubwa ya utawala wake hakuishi Baghdad.

Lipo jambo zito zaidi. Wasimulizi walizusha kwamba Harun alimwozesha dada yake Abbasa kwa waziri Ja'far kwa sharti wasikutane, wakakutana, ndipo Ja'far akauawa. Mwanahistoria Ibn Khaldun katika Muqaddima aliikanusha habari hiyo, na akayakanusha pia madai ya ulevi wa mvinyo. Hebu tujiulize: kama mwanachuoni wa karne ya 14 alikwisha kuyapima maneno haya, vipi sisi leo tunawavisha watoto wetu joho na kuwapa kikombe mkononi? Katika dini yetu kumsingizia mtu ni dhambi, na kufa kwake hakuhalalishi.

HARUN WA HISTORIA

Harun alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, katika miaka ya 760. Baba yake ni Khalifa al-Mahdi wa ukoo wa Bani Abbas. Mama yake ni al-Khayzuran, mwanamke aliyetoka Yemen akiwa mtumwa, kisha al-Mahdi akamwacha huru na kumwoa. Akiwa bado kijana aliongoza jeshi dhidi ya Warumi, na mwaka 782 alifika ng'ambo ya bahari mkabala na Constantinople, mji ambao leo ni Istanbul. Malkia Irene akakubali kulipa kodi kwa Waislamu. Kutokana na vita hivyo baba yake alimpa jina la al-Rashid, yaani mwenye kuongoka.

Baba alipofariki mwaka 785 alitawala kaka yake, al-Hadi. Huyu alitaka kumwondoa Harun katika urithi wa ukhalifa ili amweke mwanawe mwenyewe. Aliyemtetea Harun ni mlezi wake, Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmak, naye akatiwa jela kwa sababu hiyo. Tuikumbuke sana nukta hii, tutarudi kwake. Katika mwezi wa Rabiul Awwal mwaka 170 Hijria (Septemba 786) al-Hadi akafa, Harun akashika ukhalifa, na usiku ule ule akazaliwa mwanawe al-Ma'mun. Waandishi wakauita usiku wa makhalifa: mmoja kafa, mmoja katawazwa, mmoja kazaliwa.

Kuhusu ibada yake, al-Tabari amepokea kwamba alikuwa akisali rakaa 100 kila siku na kutoa sadaka ya dirhamu 1,000 kila siku katika mali yake mwenyewe. Alipohiji alifuatana na mafakihi 100 na watoto wao, na mwaka asiohiji aliwagharamia watu 300 wakahiji. Mkewe Zubayda, Allah amrehemu, ndiye aliyeleta maji Makka na kuweka mabirika na vituo katika njia ya mahujaji kutoka Kufa. Njia ile mpaka leo inaitwa Darb Zubayda. Wale wanaodhani kwamba mwanamke wa Kiislamu hana nafasi katika kazi za umma wawaulize mahujaji waliokunywa maji yale kwa karne nyingi.

Na kuhusu elimu, Harun alimteua Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, kuwa Kadhi Mkuu, wa kwanza katika historia yetu kuitwa kwa cheo hicho. Harun akamwomba amwandikie kitabu juu ya kodi na mali ya umma. Abu Yusuf akaandika Kitab al-Kharaj. Je, aliandika sifa za mfalme? La. Alimwambia Khalifa kwamba walipa kodi wasipigwe wala wasisimamishwe juani. Alimwambia kwamba wafungwa walishwe kwa mali ya hazina, wasitolewe na minyororo yao kwenda kuombaomba barabarani. Alimshauri akae yeye mwenyewe, japo mara moja kwa mwezi au kwa miezi miwili, asikilize malalamiko ya waliodhulumiwa, kwa sababu maliwali wakijua kwamba Khalifa anakaa kusikiliza, wataogopa kudhulumu.

Wazazi wenzetu, haya ndiyo mambo ya kumsimulia mtoto! Mtawala anaomba nasaha, na mwanachuoni anampa nasaha, si pambio. Yapo pia mazungumzo yanayosimuliwa kati ya Harun na mwanachuoni Ibn al-Sammak. Harun alitaka kunywa maji, Ibn al-Sammak akamuuliza: ukinyimwa maji haya utayanunua kwa kiasi gani? Akasema: kwa nusu ya ufalme wangu. Alipokwisha kunywa akamuuliza: na yakizuilika yasitoke mwilini, utatoa kiasi gani yatoke? Akasema: ufalme wangu wote. Ibn al-Sammak akamwambia kwamba ufalme ambao thamani yake ni funda la maji na mkojo haustahiki kushindaniwa. Harun akalia.

YASIYOSEMWA MIMBARINI

Mpaka hapa mhadhiri wetu atakuwa radhi nasi. Lakini historia haikomei hapa, na mwenye kuikata nusu anadanganya kama mwenye kuizua.

Mwaka 176 Hijria (792) Yahya bin Abdallah, mjukuu katika kizazi cha Mtume (S.A.W.), alikuwa ameinuka huko Daylam. Harun alimpa hati ya amani, yenye mashahidi. Yahya akaiamini, akashuka. Baadaye Harun akamfunga, akataka hati ile ibatilishwe kisheria. Akawaita makadhi. Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi mwingine wa Abu Hanifa, akaisoma na kusema kwamba amani hii ni sahihi, haivunjiki. Khalifa akamkasirikia. Kadhi mwingine, Abu al-Bakhtari, akasema kwamba ni batili, na hati ikachanwa. Yahya akafia kifungoni.

Mbele ya Khalifa mmoja, siku moja, juu ya karatasi moja, mwanachuoni mmoja amesema haki na mwingine amesema analotaka mkubwa. Jina la al-Shaybani linasomwa mpaka leo katika vitabu vya fikihi. Abu al-Bakhtari hatajwi ila kwa kisa hiki na mfano wake. Je, wanafunzi wetu wanaotaka kuwa masheikh si ndio wanaopasa kukijua kisa hiki kabla hawajavaa kanzu ya kwanza?

Na sisi wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi kisa hiki kinatugusa nyumbani. Mwaka 184 Hijria Imam Shafi, ambaye fikihi yake ndiyo tunayosali kwayo kutoka Lamu mpaka Bujumbura, aliletwa kutoka Yemen akiwa katika minyororo mbele ya huyu huyu Harun, akituhumiwa kuwaunga mkono kizazi cha Ali (R.A.). Angeweza kuuawa. Mmoja katika waliomtetea ni yule yule al-Shaybani, na Imam akaachiwa, akakaa kusoma kwake. Lau mwanachuoni yule angekuwa na ulimi wa Abu al-Bakhtari, huenda leo tusingekuwa na madhehebu ya Shafi.

Kisha mwaka 183 Hijria (799) akafariki Baghdad, akiwa mfungwa wa Harun, Musa al-Kadhim, mtu wa ibada na katika kizazi cha Mtume (S.A.W.). Kisha ukaja mwezi wa Safar mwaka 187 (Januari 803). Mnakumbuka tulisema tutarudi kwa Yahya bin Khalid? Huyu ndiye aliyeingia jela kwa ajili ya Harun, ndiye aliyemwendeshea serikali miaka 17, na mwanawe al-Fadl alinyonya ziwa moja na Harun. Usiku mmoja, bila ya kesi, bila ya shahidi, bila ya kadhi, Harun akaamuru Ja'far bin Yahya auawe. Mwili wake ukakatwa vipande, ukatundikwa katika madaraja ya Baghdad. Mzee Yahya na al-Fadl wakafungwa mpaka mauti yakawakuta humo humo, mmoja mwaka 805 na mwingine mwaka 808. Sababu wanahistoria wamezitaja nyingi: mali yao, nguvu zao, huruma yao kwa Yahya bin Abdallah. Yoyote iliyokuwa, tunauliza: Khalifa ambaye ana Kadhi Mkuu, na ana kitabu kinachomwambia asimpige hata mlipa kodi, alishindwa nini kumfikisha waziri wake mbele ya hakimu?

Na Khurasan je? Harun alimpa uliwali Ali bin Isa bin Mahan, ingawa Yahya alimwonya. Ali akawakamua watu, akamletea Khalifa zawadi za kutisha. Harun akamkejeli Yahya: huyu ndiye uliyesema nisimpe kazi! Yahya akajibu kwamba mali ile imenyang'anywa watu, na itakuja kugharimu mara nyingi zaidi ya thamani yake. Mwaka 805 watu waliposhitaki sana, Harun alisafiri mpaka Rayy kuchunguza. Ali akaja na zawadi nyingine, kwa Khalifa na kwa wakubwa wa baraza. Harun akamrudisha kazini. Mwaka 806 Samarkand ikaasi chini ya Rafi bin Layth, na katika safari ya kwenda kuuzima uasi huo ndipo Harun alipofia.

Ndugu zetu, hapa hatuhitaji kufasiri. Kila mmoja katika nchi yake anamjua kiongozi aliyeletewa zawadi, faili likafungwa.

WASIA ULIOTUNDIKWA KATIKA AL-KAABA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa hakika ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa sababu linaingia ndani ya nyumba zetu.

Harun alikuwa na watoto wa mama mbalimbali. Al-Amin mama yake ni Zubayda, bibi wa ukoo wa kifalme. Al-Ma'mun mama yake ni Marajil, mtumwa wa Kiajemi. Al-Ma'mun ndiye mkubwa kwa miezi kadhaa, naye alikuwa mwenye akili na bidii ya elimu. Lakini heshima ya mama na shinikizo la wajomba vilimtanguliza al-Amin. Harun akajaribu kuwaridhisha wote. Al-Amin awe Khalifa baada yake. Al-Ma'mun amfuate, na wakati huo ashike Khurasan kama nchi yake. Mtoto wa tatu, al-Qasim, apewe mipaka ya kaskazini. Katika Hija ya mwaka 186 (802) aliwapeleka wanawe Makka, wakaandika hati, wakaapa ndani ya Nyumba tukufu, na hati zikatundikwa katika al-Kaaba. Al-Tabari amepokea kwamba wakati wa kutundikwa hati ilianguka, watu wakanong'ona kwamba jambo hili halitadumu.

Halikudumu. Harun alifariki Tus mwezi wa Jumada al-Akhira mwaka 193 (Machi 809), akiacha hazina ambayo imesimuliwa kuwa na zaidi ya dirhamu milioni 900. Miaka miwili baadaye, mwaka 811, jeshi la al-Amin liliondoka Baghdad kwenda kupigana na la al-Ma'mun. Mkuu wa jeshi hilo ni nani? Ni Ali bin Isa bin Mahan, yule yule wa zawadi. Aliuawa karibu na Rayy, mji aliozaliwa Harun. Kisha Baghdad ikazingirwa zaidi ya mwaka mmoja, ikapigwa kwa manjaniki, ikaungua mtaa kwa mtaa, na Waislamu wakauana kwa Waislamu. Septemba 813 al-Amin akakamatwa na kuuawa, na kichwa chake kikapelekwa kwa ndugu yake Khurasan. Zubayda aliyewaletea mahujaji maji aliishi mpaka mwaka 831 akiwa mama aliyeuliwa mwanawe na askari wa mtoto wa mumewe.

Na tazameni hekima ya Allah: mtoto mwingine wa Harun, al-Mu'tasim, hakuwekwa kabisa katika ule mpango wa makhalifa. Huyo ndiye aliyekuja kutawala mwaka 833, na makhalifa wote wa Bani Abbas waliofuata ni wa kizazi chake.

Baadhi ya watu watasema: ule ni ukhalifa, si mirathi, msichanganye mambo. Ni kweli, ukhalifa si mali ya kurithiwa, na hilo peke yake ni somo. Lakini chuki iliyowaka Baghdad haikuanzia barazani, ilianzia nyumbani. Ilianza pale mtoto mmoja alipojua kwamba mama yake ni duni kuliko mama wa mwenzake, na baba akadhani kwamba karatasi na kiapo vitaziba ufa alioupasua mwenyewe.

Na sisi je? Ni nyumba ngapi katika mitaa yetu ambamo watoto wa mke mkubwa hawaamkiani na watoto wa mke mdogo? Ni baba wangapi ambao hai yao yote wamemsomesha huyu na kumwacha yule, wamemjengea huyu na kumsahau yule, kisha wakikaribia mauti wanaita mashahidi na kuandika wasia mrefu? Mtume wetu (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo Bashir alimpa mwanawe mmoja, Nu'man, bila ya wenzake, akaamrisha watu wamche Mungu na kufanya uadilifu kati ya watoto wao. Hadithi hii Harun hakuikosa, alikuwa na mafakihi 100 katika msafara wake. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia kwamba inamhusu yeye. Kama hati iliyotundikwa katika al-Kaaba haikuwazuia ndugu kuuana, wasia wako wa kurasa mbili utamzuia nani?

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako watakaotuambia: kumtaja Muislamu aliyekufa kwa mabaya ni kusengenya. Tunajibu: hatukutoa siri ya mtu. Waliyoyaandika haya ni maulamaa wetu wenyewe, al-Tabari akiwemo, ambaye pia ni mfasiri mkubwa wa Qur'ani. Elimu ya Hadithi imesimama juu ya kusema fulani ni mkweli na fulani si wa kutegemewa. Umma uliothubutu kuwapima wapokezi wa maneno ya Mtume wake hauwezi kuogopa kuwapima wafalme wake.

Wengine watasema: mnawapa maadui silaha. Tunajibu: silaha hiyo wanayo siku nyingi. Kijana wako ana simu. Atayasoma haya usiku peke yake, yameandikwa na mtu asiyeitakia heri dini yake, na asubuhi atakuuliza kwa nini hukumwambia. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alitujia na swali hilo hilo kuhusu Ja'far wa Barmak. Hakukasirishwa na Harun, alitukasirikia sisi. Alisema: "Kama mlilificha hili, mmeficha mangapi?" Hatukuwa na jawabu siku ile. Makala hii ndiyo jawabu letu, nalo limechelewa.

Na wengine watauliza: basi Harun alikuwa mwema au mbaya? Ndugu yetu, hesabu yake iko kwa Mola wake, na sisi tunamwombea maghufira. Alilia kwa mawaidha, na akamwaga damu bila ya hukumu. Aliomba kitabu cha uadilifu, na akaichana hati ya amani. Huyo ni mwanadamu aliyepewa madaraka yasiyo na wa kuyazuia, na kila tunachopaswa kukiogopa kuhusu madaraka, tuwe nayo barazani, msikitini au sebuleni, kimo ndani ya maisha yake.

TUFANYE NINI?

Hatuombi makubwa. Walimu wa madrasa, katika kila wiki toeni somo moja la tarekhe, na msiishie kwa Makhalifa Waongofu wanne (R.A.) na kuruka mpaka Salahuddin. Wazazi, msimulieni mtoto hekaya ya Abunuwasi, acheke, kisha mwambieni: sasa nitakusimulia Harun wa kweli. Mwanzieni na funda la maji, mmalizie na hati ya al-Kaaba. Nyinyi wanafunzi, mkisikia habari ya mtu mkubwa, ikiwa ni ya kumcheka au ya kumtukuza, ulizeni imetoka wapi.

Na akina baba, kabla hamjaita mashahidi wa wasia, waiteni watoto wenu wote, wa nyumba zote, wale sinia moja.

Harun alizikwa katika kijiji cha Sanabad, Tus. Mwaka 818 akazikwa pembeni yake Ali al-Ridha, mwana wa Musa al-Kadhim, yule aliyefia katika jela ya Harun. Mji uliomea mahali pale leo unaitwa Mashhad, na watu kwa mamilioni huenda huko kila mwaka. Wanamwendea mtoto wa mfungwa. Mwenye jela yuko papo hapo, chini ya paa moja, na ni wachache wanaouliza alipolala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika tunayowasimulia watoto wetu na waadilifu baina yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.